Siku Tuliyojaribu Spika Kambini

Tamasha letu la kwanza la ngoma tulilipangia kando ya kambi ya wakimbizi wa Burundi, kwenye uwanda mkavu ambao miti yake yote ilishakatwa kuni. Sisi walimu wa wilaya ya Ngara tulikubaliana tusiombe kitu kambini, tukabeba maji, chakula na paneli ya sola na betri yake ya kuendeshea spika.

Mchana wa maandalizi mwenzangu alijaribu kipaza sauti: "Moja, mbili."

Watu wakatoka kwenye mahema kwa mamia, wakasimama wakitutazama. Bibi mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa Kirundi:

"Mwanangu mmempata?"

Kwa kusikia spika, walidhani tumekuja kusoma majina ya ndugu zao waliopotea ambao wamepatikana. Nikampa kipaza sauti. Akaliita jina la mwanawe. Foleni ikajipanga nyuma yake. Waliita hadi betri ikaisha, na baada ya kila jina umati wote ulinyamaza, ukisikiliza.