Magongo Nyuma ya Mlango

Naona aibu kulisimulia hili, lakini bora nilisimulie mwenyewe, kwa sababu wanaonisaidia kulisimulia pale sokoni wameshaongeza mambo yao (kuna mmoja anaapa kwamba nilivaa shanga, sikuvaa shanga mahali popote), na wengine wana video, na kwenye video mtu haonekani alikuwa anawaza nini, anaonekana amebebwa tu. Kwa hiyo kaeni, chekeni mara moja, tumalize.

Mimi Rajabu nauza viatu vya mtumba Morogoro mjini, mwaka wa kumi na tisa huu, na kazi yangu ni kusimama kutwa na kutazama miguu ya watu. Mtu akija simtazami usoni, namtazama chini, na nikishaona alichovaa nimeshamjua: huyu bahili, huyu mwongo, huyu kaazima. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepatwa na ugonjwa wa kisigino. Miaka minne nzima, kila asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza nilikuwa kama nimekanyaga msumari, na mji mzima ukageuka madaktari, mmoja anasema viringisha chupa ya barafu chini ya unyayo, mwingine maji ya moto na chumvi, na jirani yangu mmoja huku Bigwa, mtu mzima na akili zake, akaniambia nikanyage mavi ya ng'ombe mabichi kabla jua halijatoka. Nilikanyaga siku tatu. Aliyefaidika ni yule ng'ombe, maana alipata kitu cha kutazama.

Mwisho nikapasuliwa. Daktari akasema wiki sita kisigino kisiguse chini, nitembee na magongo, nikikaa mguu uwe juu ya mto. Muuguzi akanirudia polepole, anavyosemeshwa mtoto mgumu: "Mzee, magongo. Hata chooni, magongo." Nikaitikia vizuri tu. Moyoni nilikuwa nayadharau yale magongo, ya mbao, yamezungushiwa vitambaa sehemu ya kwapa, nikiyatazama najiona nimeshazeeka na watu wanaanza kunipisha njia.

Wiki ya tatu ndiyo ikaangukia siku ya Zaina. Zaina ni binti wa dada yangu Tatu, ana miaka kumi na tisa, alichelewa kuchezwa unyago kwa sababu ya shule halafu chuo cha ushonaji, sasa akawa amewekwa ndani kijijini kwetu, juu huko Uluguru, anafundwa. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na kwenye ukoo wetu siku mwali anapotolewa, mjomba ndiye anayesimama mlangoni kumpokea, anamfunika khanga mpya, na hapo ndipo ngoma yake inapoanza. Mjomba ni mimi, hakuna mwingine. Kabla hajaingia ndani, Zaina alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, usipokuja sitoki." Nikamwambia nitakuja hata kwa kutambaa. Maneno ya mdomoni hayo, lakini mtoto aliyashika.

Siku mbili kabla, ikaingia simu ya Shomari. Huyu ni mume wa Tatu, baba yake Zaina, mlinzi wa kiwandani, na kwa miaka ishirini nilikuwa sijawahi kumheshimu hata dakika moja, kwa sababu moja tu ambayo mtaiona ndogo: anavaa kandambili. Za bluu. Msibani kandambili, Idi kandambili, siku ya posa alikuja kwetu kumwomba dada yangu amevaa kandambili, na vidole vyote kumi vinatutazama. Akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Shemeji, njia ina tope, na wewe una kidonda. Usijisumbue. Nitampokea mimi." Mwenye akili angesema asante. Mimi nilichosikia ni kwamba mtu wa kandambili anataka kunichukulia nafasi yangu mlangoni kwetu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikavaa kanzu, kofia, na viatu vya ngozi vya kahawia, mguu wa kushoto namba arobaini na mbili, wa kulia arobaini na tano ili bandeji iingie, rangi moja, mshono mmoja (faida za kuuza mtumba), nikasema hakuna atakayejua. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Hawa, magongo hayo."

"Nimeyaona."

"Kama umeyaona, yachukue."

Sikuyachukua. Niliyaacha nyuma ya mlango, nikachukua mwavuli wangu mrefu mweusi, maana mwanaume akiuegemea mwavuli anaonekana mtu wa heshima, sio mgonjwa. Hapo ndipo nilipojimaliza, mengine yote yalifuata tu.

Bodaboda ikanifikisha kwenye kijito, kuanzia pale ni kupanda kwa miguu, mtu mzima nusu saa. Nilipiga hatua kumi na moja. Nilizihesabu, kwa sababu kila moja ilinipanda mpaka kwenye meno. Nikakaa juu ya jiwe, jasho linanitoka, na wakatokea wanaume wawili wanarudi kuuza ndizi, mmoja akiitwa Kibwana, mabega mapana, miguu peku.

"Mzee, umekwama?"

"Napumzika."

"Unapumzika kwenye tope?"

Hakungoja jibu. Aliinama, akaniingiza kichwa katikati ya miguu, akanyanyuka na mimi begani, mtu wa miaka hamsini na mbili na kanzu yangu. Ningekataa, lakini nilikuwa nawaza Zaina, na nilikuwa nawaza Shomari zaidi. Mvua ikaanza. Nikamwomba mwenzake Kibwana anishikie mwavuli juu ya kichwa (kanzu ilikuwa imepigwa pasi jana yake), na mama mmoja aliyekuwa anapanda nyuma yetu akafungua khanga zake za akiba, akasema, "Jifunike, baba, utalowa." Nikajifunika moja mabegani na moja kichwani. Halafu nikainamisha uso kabisa, ili anayeteremka asinitambue.

Sasa jamani, mnaotoka huku mmeshaelewa, na msiotoka huku niwaambie. Mwali siku ya kutolewa anabebwa begani. Anafunikwa khanga. Anashikiwa mwavuli. Anainamisha uso, hasemi, hacheki. Na Zaina alikuwa nyumba ya somo yake, mama anayemfunda, chini kidogo ya kwetu, wakingoja mvua ipungue ndipo waje naye kwa njia ileile tuliyokuwa tunapita sisi.

Tulipochomoza kwenye migomba nikasikia mtu anapiga kelele, "Huyo anakuja!" Nikafikiri ni mimi, mjomba, nimetambuliwa, na nikasikia raha kidogo, Mungu anisamehe. Ngoma zikalipuka. Vigelegele vikapigwa, wanawake wakatoka barazani na mvua yao wakatuzunguka, simu juu. Na jambo ambalo nilikuwa silijui ni kwamba Kibwana ndiye anayeitwa vijiji vyote vya pale kubeba mwali, hiyo ndiyo sifa yake duniani, kwa hiyo ngoma ilipogonga mabega yake hayakuniuliza, yakaanza kucheza. Napanda, nashuka, nazungushwa. Nikapiga kelele, "Nishusheni! Ni mimi Rajabu!" Nani asikie? Kadiri nilivyotapatapa ndivyo walivyozidi kushangilia, wakaona mwali wao mwaka huu anajua kutikisika.

Bibi Chausiku, mkubwa wa wanawake wote pale, akasogea, maana yeye ndiye anayefunua uso. "Shusha kichwa, mwanangu, tukuone." Akashika pindo la khanga, akafunua.

Ngoma ilikufa.

"Toba!" akasema bibi. "Mwali ana ndevu!"

Kibwana alicheka mpaka magoti yakamwisha, na mimi nikaporomoka kutoka juu, na kati ya viungo vyote nilivyopewa kilichotangulia chini ni kisigino cha kulia, juu ya jiwe la mlangoni. Nilipiga ukelele ambao kwenye video unasikika kuliko ngoma. Viatu vikaruka, damu ikatoka kwenye bandeji, na mtu mmoja, sitamtaja ingawa namjua, akaokota viatu vyote viwili akavipima kimoja kwa kingine na kutangaza, "Jamani, hivi si pacha!" Basi hata waliokuwa wanajizuia wakaanguka.

Na wakati huohuo ndipo Zaina akatoka kwenye migomba.

Nilimwona kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi naelekea upande ule. Amebebwa, amefunikwa khanga nyekundu, mwavuli juu, kila kitu sawasawa, na hakuna aliyemtazama. Wapiga ngoma walikuwa wameshika matumbo. Simu zote zilikuwa kwangu. Mwali haruhusiwi kuinua macho, lakini aliinua, akatafuta mlangoni nani amesimama kumpokea, na mlangoni hakuna aliyesimama, nimelala mimi. Siku hii mtu anaipata mara moja tu maishani. Kucheka kwa wale watu wote hakukuniuma hata robo ya vile yale macho yalivyoniuma.

Shomari alikuwa pembeni ya baraza, ameshika khanga mpya. Alimpa dada yangu, akaja kwangu, akatazama mguu, akachuchumaa akanigeuzia mgongo. "Panda, shemeji."

"Wapo vijana," nikamwambia.

"Vijana wanacheka. Panda."

Akanibeba mgongoni kuteremka mlima. Tulipofika kwenye migomba, nyuma yetu ngoma zikaanza upya, safari hii za Zaina, na vigelegele vyake mwenyewe. Shomari akasimama. Aligeuza kichwa nusu, akasikiliza kidogo, halafu akaendelea kushuka. Mtoto wake anachezwa, yeye amenibeba mimi. Kichwa changu kilikuwa kimelala begani kwake, sikuwa na pengine pa kutazama isipokuwa chini, kwa hiyo njia nzima nilitazama zile kandambili za bluu zikikanyaga tope na mawe yaliyolowa, na hazikuteleza hata mara moja.

Karibu na kijito aliniuliza, "Magongo yako wapi, shemeji?"

"Nyuma ya mlango."

"Aha," akasema, akapungia bodaboda itupeleke hospitali.

Nilishonwa upya, wiki sita zikaanza moja. Zaina alipokuja kunijulia hali alinisalimia kwa adabu zake zote, akakaa, akasema, "Mjomba, kwenye simu za watu mimi sipo. Upo wewe." Alikuwa anacheka. Mimi sikuweza.

Sasa hivi natembea na magongo, hata chooni, magongo, na nimeapa sitayaacha hata hatua moja mpaka daktari mwenyewe anipokonye. Nilimchagulia Shomari viatu vizuri kuliko vyote nilivyonavyo, vya ngozi, akashukuru, akavipokea kwa mikono miwili, na kesho yake akaja na kandambili. Mwakani anatolewa mdogo wake Zaina. Nitakuwepo, nitakaa kwenye kiti barazani na kupiga makofi kama wengine. Mlangoni nimeshamwambia asimame baba yake.