Kuku Yangu ya Hoteli ya Lilongwe

Bandugu, Lilongwe yote hakuna kwaya inaweza kupendeza kama si mi njo nimepima mabega yao.

Leo kanisa moja ya Area 49 iliniita toka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mi fundi wao wa nguo. Bakaniweka mu hoteli.

Eti hoteli. Kitanda imebonyea katikati, televizio iko ya mapambo tu.

Saa sita dada wa jikoni akaleta nsima, ule ugali wa huku, na kuku. Njaa ilikuwa inanikata. Lakini kwetu Uvira mugeni wa heshima harukii sahani. Anakataa kwanza, halafu banamubembeleza.

Nikasema, "Hapana dada, mi niko sawa."

"Zikomo, baba." Asante yake njo hiyo. Akabeba sahani, akaenda nayo.

Nikangoja arudi. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu.

Bure. Bantu hawa bamelelewa na nani?

Kuchungulia dirishani, naona mulinzi wa geti anakula kuku yangu.

We ungefanya nini?

Mi nilienda kumusalimia. Akasema mara moja tu, "Karibu, baba." Kabla amalize nilikuwa nimeshachuchumaa pembeni ya sahani.

Na mikono sikunawa.