Krisi Iliyosuguliwa Upande Mmoja

Juzi, katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, nilikuta kaka na dada wamemletea mwenye duka kisu cha marehemu baba yao, kilichopindapinda kama nyoka.

"Hii krisi, jambia la kisiwa cha Java," alisema mzee mwenye duka, akikisogeza dirishani. Akapitisha kidole kwenye bapa. "Nani kakisugua?"

Kaka alitazama sakafu. "Mimi, kwa msasa. Nlitaka king'ae, kiuzike."

Mzee alikigeuza polepole. Upande wa pili ulikuwa mweusi, wenye michirizi ya chuma kilichokunjwa na kufuliwa. "Huu waonyesha umri wake, karne mbili au zaidi. Ule umeshaufuta."

Dada alikitwaa, akakifunga ndani ya mtandio. "Baba angekuwa hai, ungemsugua mvi?"

Nami nilikuwa nimepeleka pale birika la shaba la bibi yangu, lililoingia weusi, ling'arishwe. Nikaondoka nalo vilevile, na weusi wake.