Vile Papa Zagabe Alipindua Commandant

"Tangu Mungu aumbe dunia, hakuna mutu mwenye alishateswa na frigo kama miye," Marcelline alisema. "Yobu alipoteza batoto, akapoteza ngombe, akaota vidonda mwili muzima. Lakini Biblia haiseme fasi yoyote kama alikuwaka na frigo ya pétrole. Angekuwa nayo, angemutukana Mungu siku ya kwanza na kitabu kingeisha pale pale."

Papa Zagabe alikuwa amelala chini, tumbo ku ciment, anachungulia ule moto mudogo chini ya frigo. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Maman Titulaire, Yobu hakuwekaka brique chini ya frigo."

"Brique iko na kosa gani? Mulango ilikuwa inajifungua yenyewe. Nikaweka brique, ikajifunga. Kwetu ile tunaita akili."

"Kwetu tunaita kuua."

Marcelline alikuwa infirmière titulaire, maana yake yeye njo mukubwa wa kituo cha afya ya Nyantende, kule ku mashamba, si mbali na Bukavu. Mukubwa, na mwenye kufagia, na mwenye kuzalisha bamama, yote yeye. Papa Zagabe alikuwa frigoriste, fundi wa frigo, anaikala Nyalukemba, mutaa wa Bukavu. Mwaka ilikuwa 1999, vita ya pili, wakati muji ilikuwa mu mikono ya batu benye balikuwa na kila kitu isipokuwa haya.

Batu balikuwaka wanamucheka Zagabe juu ya kazi yake. Bukavu iko baridi tangu zamani. Asubuhi hata mbuzi inatetemeka. Sasa fundi wa baridi anafanya nini pale? Ni kama kwenda kuuzisha maji mu Ziwa. Yeye alikuwa anajibu: "Nyinyi munachanganya baridi na hali ya hewa. Nyama yako haijue kama uko Bukavu. Inaoza tu." Ile kazi alijifunza mu jikoni ya bapadri, kwa frère mumoja, bruda mwenye alikuwa na hasira kama nyuki, na alitoka pale na mambo mbili: ufundi, na hasira ya frère.

Vita ya kwanza njo ilimuletea kazi mingi. Mu 1996, batu balipora muji muzima, na frigo zilitembea kuliko batu. Moja ilibebwa ku kichwa, ingine mu pousse-pousse ya kusukumwa, ingine mu mutumbwi mpaka Minova, zote zimelala ubavu. Sasa frigo yenye imelala ubavu hauiwashe mara moja. Unaisimamisha, unaiacha ipumuzike siku nzima, mafuta irudi chini fasi yake. Lakini mwizi iko na haraka. Alipofika tu kwake, anachomeka. Moteur inakufa. Kisha anamuita Zagabe. Zagabe anafika, anafungua mulango, anaangalia, anasema kwa upole: "Lakini hii si frigo ya Docteur wa kule chini? Nilibadilishaka hii caoutchouc ya mulango mwenyewe. Docteur hajambo?" Mwenye nyumba anaanza kukohoa. Kwa ile njia, Zagabe alijua frigo yote ya Bukavu iko kwa nani, na ilitoka kwa nani, na hakuna mutu alimupenda juu ya ile.

Kisha ya kupora, bureau ya afya ilimuita achague frigo ya Nyantende, juu vaccin ya batoto, ile chanjo, inahitaji baridi usiku na muchana. Kulikuwa njia tatu. Umeme? Nyantende haijaonaka hata waya moja. Ya kutumia jua? Muzuri sana, lakini ile mabati yake ingekaa ku paa wiki moja, ya pili ingekuwa inawasha radio ya musoda fulani. Zagabe akasema pétrole, yale mafuta ya taa. Iko nzito kama kaburi, inanuka, haitoe mwangaza, haichaji kitu. Hakuchagua yenye inafanya baridi kupita zote. Alichagua yenye mwizi ataangalia mara moja na kupita.

Njo ile frigo batu ya kituo baliita Commandant. Ilikuwa nyeupe, na tumbo kubwa, na moto ndani ya tumbo. Ilikuwa inakunywa kila siku. Usipoipatia kinywaji, inaazibu kijiji muzima.

Sasa, ile samedi, mbele ya siku ya misa, Commandant alikuwa anakunywa vizuri lakini hafanye kazi.

"Sikiliza, maman," Zagabe alisema, akaamka, akapangusa tumbo. "Hii mashine haina moteur. Moto inachemsha dawa ndani ya mabomba, dawa inapanda, inashuka, ile kupanda na kushuka njo baridi. Lakini lazima isimame sawa, kama kikombe chenye kujaa. Weye umeinamisha na brique yako miezi mbili. Dawa imekwama."

"Na vaccin yangu?"

Hapo sauti ya Marcelline ilibadilika. Alionyesha glacière, sanduku ya barafu, ya bluu ku kona. Doze mia tatu ya surua zilikuwa mule, zimefika jana yake na barafu. Ile barafu ingeshikilia mpaka mardi jioni, maana siku tatu tena, kama hakuna mutu anafungua. Bamama baliambiwa mercredi, siku inafuata ile. Sindano nazo zilikuwa zinakuya mercredi na équipe ya muji, si mbele. Surua ilikuwa imeshaanza ngambo ya kilima. Pale balikuwa bamezika batoto tano.

"Tutapindua," Zagabe alisema.

"Tutapindua nini?"

"Commandant. Kesho kisha misa ya kwanza. Tunamuzima, tunamupindua kichwa chini, dawa irudi fasi yake. Jioni tunamusimamisha. Usiku anapumuzika. Lundi asubuhi tunawasha. Mardi midi iko baridi ya kuuma meno."

Shida ilikuwa uzito. Zagabe akaenda ku paroisse, kwa bapadri, kwenye kulikuwa phonie, ile radio ya kuongea, akamuita rafiki yake Isidore wa bureau ya afya ku Bukavu. Ile phonie kila mutu anasikia, na ukitaka kusikika lazima upige kelele. Zagabe alipiga kelele vizuri:

"Isidore, hapa Nyantende. Commandant wa huku amechoka kabisa. Anakunywa bule, kazi hafanye. Kesho kisha misa tunamupindua. Nitumie wanaume ine wa nguvu, benye hawaogope. À vous, zamu yako."

"Nimepata," Isidore alijibu. "Mupindue tu. Amezidi."

Dimanche, wanaume ine balifika mapema. Balizima moto, balitosha pétrole, balibeba, wakahesabu moja mbili tatu, Commandant akasimama kichwa chini, miguu juu. Ndani ya mabomba ikasikika gloglogloglo, na Zagabe akatabasamu kama muzazi mwenye amesikia mutoto analia. Saa ile ile camionnette ya basoda iliingia mu lupango ya kituo.

"Nani njo Zagabe, mwenye anapindua commandant?"

"Ni miye," Zagabe alisema. Alikuwa anafikiri balikuya kusaidia.

Balimufunga na kamba, wale wanaume ine balikimbia. Phonie ya paroisse baliitosha, bakaenda nayo. Barabara ya Nyantende baliifunga, hakuna gari, hakuna pikipiki. Na musoda mumoja, mwenye alisoma kidogo, alizunguka frigo mara mbili na kusema hakuna mutu kuigusa, juu ni preuve, ushahidi wa kosa. Balibakisha basoda mbili kulinda preuve.

Ku Bukavu balimufikisha kwa Capitaine Gérard. Sasa mule ndani ya bureau yake kulikuwa moto ya tanuri. Dirisha imejengwa na mifuko ya muchanga, na mu ukuta balikuwa bamepachika climatiseur, mashine ya kupuliza baridi, yenye ilitoka Uvira, fasi ya joto, pamoja na vitu vingine vyenye havikuulizwa. Ilikuwa inavuma, na upepo yake ilikuwa kama pumzi ya mutu wa malaria. Capitaine alikuwa analowa jasho mpaka ku mukanda.

"Willy," alipiga kelele ku ukuta. "Ongeza."

"Nimeongeza, mon Capitaine," sauti ikajibu kutoka inje.

Capitaine akamugeukia Zagabe. "Sema. Nani anakutuma kupindua commandant wa Nyantende?"

"Mon Capitaine, ile Commandant ni frigo."

"Frigo."

"Ya pétrole. Inatumia moto kufanya baridi. Ilikwama, njo tunaipindua."

Capitaine akacheka bila kufungua meno. "Moto inafanya baridi. Unanionaka miye mutoto?"

"Hapana, mon Capitaine. Lakini hapa kwako mashine ya baridi inafanya moto, na hujaikamata."

Musoda mwenye alikuwa ku mulango akaangalia chini. Zagabe aliogopa, lakini mudomo yake haikuwaka inamungojea.

"Mbona hii mashine haina vifungo?" akauliza.

"Vifungo viko inje. Sentinelle, mulinzi wangu, njo anaangalia vifungo."

Inje, ku kivuli cha ukuta, Willy alikuwa anasimama mbele ya vifungo na koti kubwa ya mvua, imefungwa mpaka shingo, midomo inatetemeka, na ilikuwa midi, saa sita kamili ya muchana. Miezi tatu alikuwa sentinelle wa baridi kupita wote mu Kivu. Balipachika mashine mugongo mbele: baridi yote ilikuwa inaenda mu barabara, joto yote kwa mukubwa. Na kila Capitaine alipolalamika, Willy alikuwa anaongeza, na joto nayo inaongezeka.

Balimufungua Zagabe kamba. Akatosha mashine, akaigeuza, akaiziba pembeni na matambara. Kazi ya saa moja. Ilipowaka, upepo baridi ikamupiga Capitaine mu uso, na akafunga macho.

"Mon Capitaine, neno moja tu," Zagabe alisema. "Tuma mutu Nyantende leo jioni, aambie Marcelline: asimamishe Commandant. Ni hivyo tu. Asimamishe. Vaccin ya batoto mia tatu iko pale."

Capitaine alikuwa ameshika kifungo. Mashine ilikuwa na namba moja mpaka saba. Aliipeleka mpaka saba, juu mukubwa hawezi kuwa namba tatu. Akakaa ku kiti, akanyoosha miguu. Zagabe akarudilia neno yake. Capitaine aliinua mukono kidogo, kama vile unafukuza inzi, na balimurudisha Zagabe mu cachot, chumba ya bafungwa.

Lundi bibi yake, Cibalonza, alileta fufu. Alimuambia njia ya Nyantende ingali imefungwa, na Isidore amejificha. Mardi Zagabe alihesabu saa. Alijua barafu iko wapi kila saa, kama vile mutu anajua mugonjwa wake. Kila musoda mwenye alipita, alimuambia: "Asimamishwe tu." Balimuita Papa Asimamishwe. Mercredi asubuhi balimufungulia mulango. Hakuna mutu alisema juu ya nini balimufunga, hakuna mutu alisema juu ya nini wanamufungua.

Alienda na miguu mpaka Nyantende.

Bamama balikuwa bamejaa mu lupango, batoto ku mugongo. Bengine balitembea kutoka usiku. Équipe ilikuwa imeshafika na sindano mu makarton, na ilikuwa imekaa, mikono ku magoti. Commandant alikuwa angali kichwa chini, siku ya ine, miguu juu kama mbuzi ya kuchinja. Basoda balikuwa bamekwenda asubuhi ile.

Marcelline hakupiga kelele. Ile njo ilimutisha Zagabe. Alimuonyesha glacière, wazi. Maji ya vuguvugu ndani, vichupa vya vaccin vinaelea, na kati yake visoda vya chupa ya bière, kumi na moja. Balinzi wa preuve balisikia kiu tangu dimanche jioni, njo balipoza bière mule.

"Nilibakataza," Marcelline alisema. "Balisema nami nitafungwa. Nimekalia juu ya ile glacière mpaka balinisukuma."

Zagabe alitosha chupa moja mu maji, akaifunga mu kiganja. Ilikuwa na joto ya mukono.

Mama mumoja, Maombi, mwenye alikuwa mbele mu mustari, akauliza barudi siku gani.

"Tumusimamishe," Zagabe alisema. Bamama ine balipana batoto yao kwa bengine, balikuya kushika. Balimusimamisha Commandant. Zagabe akatafuta usawa na kikombe cha maji juu yake, akapiga brique teke mpaka inje. "Kesho asubuhi, uwashe," alimuambia Marcelline. "Itafanya baridi."

"Baridi ya nini?" Marcelline aliuliza.

Alikuwa anakusanya vyombo yake mu mufuko wakati pikipiki iliingia. Ilikuwa Willy. Sasa hakuwa na koti, na alikuwa anaonekana mutu muzima, amenona kidogo na jua.

"Papa Asimamishwe, aksanti Mungu nimekukuta. Capitaine anakufa. Ile mashine yako inamuua. Imeota barafu kama ndevu, maji inashuka ku barua zote, yeye amefunika blanketi mbili na anakohoa kama wazimu. Hajalala tangu dimanche. Anasema ulimuwekea uchawi ya baridi."

Bamama balisogea karibu kusikia.

"Hataki ukuye," Willy aliendelea. "Anaogopa utageuza tena. Anauliza jambo moja tu, neno moja, nami nirudi. Aweke ku namba ngapi?"

Zagabe alimuangalia Willy. Kisha aliangalia ile chupa mu mukono yake, akairudisha polepole mu maji pamoja na zingine. Akachukua mufuko yake, akautia ku bega.

"Papa? Namba ngapi?"

Alipita kati ya bamama, na balimuachia njia.

"Papa, ni namba tu. Mbili? Tatu?"

Alikuwa ameshafika ku barabara, na hakugeuka.