Miguu Iliyokataliwa na Ndege

Mtaa mzima wa Satellite ulijua, na mimi niliamini kuliko wote, kwamba ndege ilishindwa kuruka kwa sababu ya miguu ya kaka yangu Wekesa. Eti waliikunja mara tatu, bado ikagonga mlango wa rubani, basi wakamshusha na timu ikaenda Kampala bila yeye. Wekesa mwenyewe ndiye aliyetuletea habari hiyo, begi likiwa begani, akacheka mpaka mama naye akacheka. Nilikuwa na miaka tisa. Kesho yake niliringa shuleni kama mtoto wa waziri.

Timu yenyewe, hii ya mpira wa vikapu ambayo leo wachezaji wake wanalipwa mshahara na picha zao zimefunika nusu ya Westlands, ilizaliwa nyuma ya kanisa letu ikinuka chuma cha moto. Wekesa alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Ringi ya kwanza aliikunja kwa nondo zilizobaki kwenye geti la tajiri mmoja wa Spring Valley, ngumu kiasi kwamba mpira ukiigonga, mbwa wa Riruta nzima walibweka. Kina mama walianika mahindi uwanjani. Wachezaji waliyasogeza kwa adabu, wakachora mistari kwa chokaa, kisha Wekesa akaning'inia kwenye ringi kuhakikisha imeshika. Hakuna aliyerusha mpira kabla yeye hajaning'inia.

Baada ya safari ile hakucheza tena. Alisingizia magoti. Miaka baadaye alinisukuma shule ya jioni kama anayesukuma gari bovu, na nilipopata cheti alikishika kwa mikono miwili.

Juzi nilikwenda kutazama mechi. Mlangoni wamebandika historia ya timu: mdhamini yupo, dereva yupo, hata ile ringi ipo. Aliyeikunja hayupo. Nikamkuta Musyoka, aliyecheza na kaka tangu enzi za chokaa, sasa kocha msaidizi. Nikamtania, "Kocha, ile ndege iliyokataa miguu ya Wekesa, siku hizi inabeba twiga?"

Hakucheka.

"Ndege gani, bro? Tulienda na basi. Mdhamini alitaka wachezaji wenye cheti cha fomu foo, na Wekesa hakuwa nacho. Alishushwa pale stendi, sisi wote tukanyamaza. Kiti chake tulikiwekea mipira."