Ottilia na mume aliyekatazwa kupanda mlima

Saa moja asubuhi, Ottilia Ndunguru anafagia baraza la zahanati katika kijiji kimoja cha milimani, Mbinga. Wagonjwa ni watatu tu. Tangu huduma zianze kulipiwa, wengi wanaugulia nyumbani.

Mhudumu huyu ametoa ushauri wa afya hapa tangu mwaka 1980, na watu wanamsikiliza. Hilo ndilo linalomkosesha raha.

Mwaka 1989 mumewe, Placidi, aligundulika kuwa moyo wake umetanuka. Ushauri wa wakati ule ulikuwa apumzike, asipande mlima. Ottilia aliusimamia kama askari.

Sasa huku Umatengo nani anaishi bila kupanda mlima? Shamba liko mlimani, kanisa liko mlimani, hata pombe iko mlimani. Placidi akabaki kwenye kiti mlangoni, miaka tisa.

Mwezi uliopita, kwenye semina Songea, Ottilia alisikia kwamba ushauri umebadilika. Wagonjwa kama Placidi, wakishatulizwa na dawa, watembee kidogo kidogo. Kukaa tu kunawadhoofisha.

"Nililia pale pale," anasema. "Miguu ya mume wangu imekwisha. Ni mimi niliyemkalisha."

Nilimwambia kwamba si kosa lake. Aliendelea kufagia.

Nyumbani, Placidi anaitikia shikamoo yangu bila kuinuka. Siku hizi hata chooni anashikwa mkono.

"Huyu mama alinifichia jembe," anasema. "Leo ananiambia simama. Kesho semina nyingine itasema nini? Niacheni."

Daktari amempima upya na kumruhusu atembee. Mkewe amembembeleza, amemleta hata padri. Wapi!

Lakini msimu wa ngolo umefika, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo. Mwanaume hukata nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke huchimba katikati. Tangu Placidi augue, wadogo zake ndio wanaolaza.

"Mwaka huu nimewakataza shemeji zangu," anasema Ottilia, akitazama mteremko ulio mbele ya nyumba. "Jumatatu nitazilaza mwenyewe. Kijiji kizima kitaniona nafanya kazi ya mwanaume, na mume yupo."

Namuuliza kama haogopi hasira za mzee.

"Atainuka aje kunitukana," anasema. "Na anitukane, baba. Mradi awe amesimama."