Kuku Wangu, Wa Mwisho Kula

Ulikuwa mwaka ule tuliokula pumba. Si ule wa kula ngozi. Huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni na nimeusikia tu. Ni huu wa pumba, ambao uwele ulikauka ukiwa na urefu wa goti, na wanawake wakawa wanatwanga kilichobaki, wanapeta, halafu badala ya kumwaga pumba wanazirudisha kinuni. Ugali wake ulikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, unakwaruza koo. Tuliuteremsha kwa mlenda mkavu. Wakiniuliza ni mwaka gani, nawaambia hesabuni wenyewe: Mdachi alikuwa ameshakaa, reli ilikuwa inakuja, lakini ilikuwa haijafika Dodoma. Darasa langu ni la ngumbaru, nimeingia nikiwa na wajukuu. Herufi nazipenda. Tarakimu sizipendi.

Naanza na pumba kwa sababu pumba ni chakula cha kuku. Sasa mtu akila pumba, kuku ale nini?

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu. Kutoka kwetu Msalato hadi kwa mume wangu ni mwendo wa alfajiri hadi jua la utosi, nami niliutembea nimekumbatia kuku. Mama yangu aliniwekea mikononi akasema, "Huyu ni wako. Si wa mume, si wa mkwe. Wakikunyang'anya kila kitu, una kuku." Alikuwa mtetea mdogo, mweupe mwenye madoa meusi, hajataga bado. Mali yangu yote ilikuwa ile, na ilikuwa inanikojolea mkononi njia nzima, kama kuku wanakojoa. Mnajua ninachosema.

Mume wangu alikaa nami mwezi mmoja, kisha akachukuliwa kwenda kuchimba tuta la reli. Nikabaki kwenye tembe lile na mama mkwe. Baba mkwe alikuwepo, lakini mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, kwa hiyo kwangu alikuwa kikohozi tu upande wa pili wa ukuta. Mtu wangu wa kusema naye alikuwa mama mkwe, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye alisema maneno kama anayaazima.

Alikuwa na kuku wa kila umri wakichanganyika: jogoo mzee, mitetea, mapora yanayojifunza kuwika, vifaranga. Juu ya wote, hata juu ya jogoo, alikaa mtetea mmoja wa kishingo, shingo tupu nyekundu kama amechunwa. Asubuhi ya kwanza mama mkwe alikung'uta kinu uani. Kishingo akala kwanza. Mtetea mweusi akamfuata. Kisha wengine kwa zamu, kila mmoja anamjua aliye juu yake na aliye chini yake. Vifaranga walipenya chini ya matumbo. Wangu alisimama pembeni, mguu mmoja juu, kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Walipomaliza alikuja kudona mavumbi.

Nikasema moyoni, hilo nitalitengeneza leo leo. Nilikuwa na kichwa kikubwa. Bado ninacho.

Pumba sikuthubutu kugusa, zilikuwa chakula chetu. Nikaenda kwenye vichuguu na chungu kilichovunjika mdomo. Unakijaza samadi na mabua, unalowesha, unakifunika juu ya njia ya mchwa. Kesho yake unakifunua kimejaa. Nikaja nacho, nikamwaga mchwa mbele ya kuku wangu. Kabla hajainamisha kichwa, kishingo alikuwa ameshamrukia. Kumbe nilikuwa nimempelekea adui mlo hadi miguuni, tena nikamwonyesha ninayempenda ni yupi.

Nikachukua tenga, nikalifunika juu ya mchwa, nikakata fito mbili ili wadogo waingie. Wadogo waliingia kweli. Vifaranga kumi walijaa mle wakafurahi. Wangu aliingiza kichwa, mabega yakakataa, na alipokuwa amekwama hivyo kishingo akamdona mgongoni hadi damu. Hapo nilishindwa kuelewa. Mimi nilidhani wa chini ni mdogo. Huyu hakuwa mdogo. Alikuwa wa chini tu.

Nikamfungia ndani siku tatu, nikamlisha kwa mkono, akapata nguvu. Nilipomtoa, walimpokea kama mwizi. Hata mapora yaliyokuwa yanamwogopa kidogo yalimpiga. Nilimchukua akiwa wa mwisho, nikamrudisha nyuma ya huyo wa mwisho.

Nikamfunga kishingo kamba mguuni. Nikajipongeza. Mtetea mweusi akatazama kushoto, akatazama kulia, akakikalia kiti. Alikuwa mbaya kuliko kishingo, maana yeye alikuwa amesubiri.

Nilikaa juu ya jiwe la kusagia nikachanganyikiwa. Mbuzi nawajua, ng'ombe nawajua, nimechunga tangu meno yangu ya kwanza. Lakini kuku wale waliniambia kitu ambacho sikukisikia.

Mama mkwe alitokea mlangoni. "Unafanya nini?"

"Nalisha kuku wangu, mama."

"Mwache alivyo."

"Atakufa, mama."

"Hafi. Nimemwona anakula mavi ya ng'ombe. Anayekula mavi ya ng'ombe hafi mwaka huu. Mwache alivyo."

Akafungua kamba ya kishingo wake, akaingia ndani. Mimi nikamchukia. Niliandika jina lake moyoni upande wa wabaya, na kuandika nilikuwa sijui.

Baada ya hapo nikaanza kukuta vyungu vyangu vya mchwa vimepinduliwa. Nilidhani ni mbuzi. Siku moja nikajificha nyuma ya zizi nikaona ni yeye, mama mkwe, anapiga teke chungu, anatazama huku na huku kama mtoto, anaondoka. Mchwa wenyewe hakuwapa kuku wake. Aliwaacha wakimbie. Hilo ndilo lililonichosha akili: mchoyo anakunyima ili ale yeye, sasa huyu ananyima ili ale nani?

Kisha tarishi wa jumbe akaja mara ya kwanza. Jumbe alikuwa ameamriwa apeleke kuku kwenye kambi ya Mdachi anayejenga reli, kila kaya kuku mmoja. Kaya iliyokataa, zizi lake lilifunguliwa, na mwenye kaya akalazwa chini akala hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko. Kaya ya tatu kutoka kwetu mzee alikuwa bado analala kifudifudi.

Tarishi alikuwa mtu mnene katika mwaka ambao wanene walikuwa wachache. "Mbukwenyi," akatuamkia kwa lugha ya kwetu, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili tujue ametoka bomani. Mama mkwe, bila kuombwa, alikwenda moja kwa moja akamkamata kuku wangu akampa. Wangu! Kati ya wote!

Tarishi akamshika kifua, akapapasa mfupa, akacheka. "Mama, huyu ni kuku au ni ufagio? Mdachi ale manyoya?" Akamtupa chini. Akachukua mtetea mweusi.

Mama mkwe naye akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile. Alinitazama akicheka, akaniashiria hivi kwa kidevu, na mimi nikaelewa ananicheka mimi, na mama yangu, na Msalato nzima. Kuku wa mama yangu kuitwa ufagio mbele ya watu! Nikaapa yule tarishi akirudi atamkuta kuku asiyebebeka.

Jinsi ya kumnenepesha nilionyeshwa na mbuzi, na safari hii alikuwa mbuzi kweli. Alipindua chungu changu kimoja nyuma ya tembe, wakati kishingo alikuwa mbele ananitazama mikono. Tembe letu lilikuwa refu, lina pembe nne, na kuku aliye mbele haoni nyuma. Wangu alikuwa huko nyuma peke yake. Alikula. Alikula hadi shingo ikavimba upande. Kishingo alipozunguka kona, mchwa waliobaki walikuwa wachache, na alipokuwa anawagombania, nikamwaga wengine kona ya pili.

Ndivyo ilivyokuwa. Kishingo alikuwa na ubabe mwingi, lakini mdomo mmoja. Akisimama kufukuza hapa, hali pale. Nikaweka vyungu vinne mbali mbali, nikawa namwaga kidogo kidogo kila pembe, kwa wakati mmoja, na wangu akajifunza kuondoka anapofukuzwa bila kulia, akaenda kona nyingine. Na si yeye peke yake. Hata mapora ya chini yalipata. Mama mkwe alipiga teke viwili, mimi nikaweka sita. Tuliendelea hivyo. Asubuhi tunapeana shikamoo na marahaba, mchana tunapigana kwa vyungu.

Mwezi haukuisha kuku wangu akang'aa. Undu wake wa kichwani ukawa mwekundu. Akataga, mayai tisa, nyuma ya ghala la uwele lisilokuwa na uwele. Niliyahesabu mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilikuwa mke wa mtu aliye mbali, sina mtoto, sina shamba lenye kitu, lakini nina kuku na mayai tisa. Nikawa natembea uani kama jumbe.

Tarishi akarudi. Safari hii alikuja na askari, kofia na bunduki. Hakupapasa wengi. Alimwona wangu, macho yakatulia. Akamwinua, akampima uzito kwa mkono, akamwambia askari, "Huyu ndiye. Angalia mapaja."

Mama mkwe alisimama karibu nami. Akasema chini chini, hakunitazama, "Nilikwambia umwache alivyo."

Kuna kitu kilinigonga kichwani hapo, na bado kinagonga. Kumbe alipompeleka kwa tarishi mara ya kwanza, alijua atatupwa? Kumbe kile kicheko kilikuwa cha nini? Na yale mateke? Au alikuwa tu mama mkwe mbaya, na mambo yakajipanga yenyewe yakamfanya aonekane mwerevu? Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumeshazoeana na mimi ndiye ninayemkorogea uji, nilimuuliza. Alifikiri. Akasema, "Mimi? Mimi kuku wako nilikuwa simpendi tu." Kisha akageukia ukutani, mabega yanatikisika, na kama alikuwa anacheka au anakohoa sikujua. Alikufa na jibu lake.

Msiwe na roho juu: hawakuondoka na kuku wangu. Waliondoka na kishingo. Mama mkwe mwenyewe alikwenda akamkamata, kuku aliyemtawalia uani miaka yote, akamfunga miguu, akampa tarishi mkononi, na baba mkwe hakupigwa. Na wiki haikuisha, kuku wangu mweupe, niliyempigania na vyungu sita, alianza kuwadona mapora hadi damu. Alikula wa kwanza. Nikaanza upya kumwaga mchwa kwenye pembe nne, safari hii nikimkwepa yeye. Vizazi vyake viko uani kwangu hadi leo na vyote ni vibabe, na mnavila sikukuu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule tarishi ameshika kuku wangu miguu, kichwa chini, mabawa yamefunguka, na askari ameegemea bunduki, sikujua kishingo atatolewa. Nilijua viboko ishirini na tano na mgongo wa baba mkwe. Nilijua yule ambaye hajawahi kushiba nimemshibisha mimi, na kushiba ndiko kulikomtia mkononi mwa mtu huyu. Kama ningemwacha wa mwisho, angekuwa pembeni na mguu mmoja juu, salama. Sikujua nimkasirikie nani. Nikamshika kuku mabawa, nikavuta.

"Simtoi. Huyu sikumlisha kwa ajili ya Mdachi."

Kikohozi cha baba mkwe kikakatika. Tarishi akanitazama kana kwamba kinu kimesema.

"Unasemaje wewe, mke wa mtu?"

Nikamgeukia mama mkwe. Nilidhani atanipiga kofi, na lingekuwa haki yake. Alikuwa anamtazama tarishi, si mimi, na uso wake sikuweza kuusoma, siuwezi hata sasa.

"Mwambie tena," akasema. "Hajasikia."

"Simtoi. Huyu sikumlisha kwa ajili ya Mdachi."